Mji unakula nini, unarudisha nini? Uzi wa mazingira katika riwaya za Kifaransa, toka mitaro ya Paris hadi mashimo ya Lubumbashi

KASKAZI (mleta mada)

Wanajamvi, salaam.

Kwenye uzi wa vitabu wa wiki iliyopita mdau mmoja alisema fasihi ya Kifaransa haina habari na mazingira, humo ni mapenzi, vita na mikahawa ya Paris basi. Wengi walimuunga mkono. Mimi sikubaliani hata kidogo, na jibu langu lilivyozidi kurefuka nimeona bora nilifungulie uzi wake.

Shida naiona kwenye namna tunavyotafuta. Tukisikia "mazingira" tunawaza msitu, tembo, mto, machweo. Tukivikosa kitabuni tunasema mwandishi hajali. Kumbe walioyaandika kwa nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni wale waliokaa katikati ya mji wakauliza: huu mji unakula nini? Na ukishakula, unarudisha nini kule ulikochukua? Kwa Kifaransa swali hilo lina zaidi ya miaka 160, na siku hizi wanaolishika vizuri kuliko wote ni Waafrika na watu wa visiwa vya Karibi.

Naanza na Victor Hugo. "Les Misérables" ilitoka mwaka 1862. Wengi tunaijua kwa sinema: Jean Valjean, mkate wa kuibwa, Inspekta Javert. Kuelekea mwisho Valjean anambeba kijana Marius, aliyejeruhiwa kwenye maasi ya Juni 1832, na kutoroka naye kupitia mitaro ya maji taka chini ya Paris. Hapo hapo, msomaji akiwa roho juu, Hugo anaisimamisha hadithi na kuandika sura kadhaa kuhusu mitaro yenyewe. Anaanza na hesabu: Paris kila mwaka inatupa majini faranga milioni 25. Anazungumzia kinyesi cha watu, bila kuficha. Anasema Wafaransa wanatuma meli kwa gharama kubwa hadi kusini kabisa mwa dunia kuzoa mavi ya ndege wa baharini yawe mbolea, huku mbolea iliyo bora kuliko zote wanaiacha ishuke na mto hadi baharini. Anamsifu mkulima wa China ambaye haendi mjini bila kurudi na ndoo mbili kwenye ncha za mwanzi wake, zimejaa kile ambacho Mfaransa anakiita uchafu. Kwa sababu hiyo, anasema, udongo wa China ungali kijana kama zama za Ibrahimu.

Halafu anasimulia habari za Bruneseau, mkaguzi aliyeingia kwenye mitaro hiyo kati ya mwaka 1805 na 1812, wakati ambapo karibu hakuna aliyejua ramani yake. Matoleo yaliyofupishwa mara nyingi huzitupa sura hizi kwanza. Mimi nazihesabu miongoni mwa kurasa muhimu kuliko zote alizoandika, kwa sababu anakataa kabisa wazo kwamba mji unaishia kwenye kuta zake. Mji wa Hugo una mdomo na una tumbo, na kinachotoka tumboni ni mali ya shamba.

Miaka 11 baadaye, 1873, Émile Zola anatoa "Le Ventre de Paris", yaani tumbo la Paris. Florent ametoroka kifungo cha Cayenne, kule Guyana ya Kifaransa, anarudi Paris mwaka 1858 akiwa na njaa ya kufa. Alfajiri anaanguka barabarani, anaokotwa na Madame François, mama mkulima wa Nanterre anayepeleka gari la mboga sokoni, na anaingia mjini akiwa amelala juu ya mboga. Soko lenyewe ni Les Halles, mabanda makubwa ya chuma na kioo ya msanifu Baltard. Zola alilizunguka soko hilo kwa zamu zake zote, usiku na alfajiri, akiandika kila kitu: vichwa vya ng'ombe, matenga ya samaki, jibini zinazonuka, vyumba vya chini wanakofungiwa kuku hai.

Wengi wanazisifu kurasa za vyakula. Mimi nazipenda zaidi zile fupi ambapo Florent na rafiki yake Claude, mchoraji, wanamtembelea Madame François shambani Nanterre. Gari lile lililopeleka kabichi mjini linarudi na maganda na majani yaliyooza ya sokoni. Yanafukiwa, yanakuwa mbolea, yanaota tena kabichi, yanapakiwa tena kwenda mjini. Claude anayatazama na kuyatambua: ni takataka zilezile alizoziruka sokoni, sasa zimekuwa mimea. Hapo tu, katika kitabu kizima, Florent anapumua. Kisha anarudi Paris na Paris inamtema. Wanaokwenda polisi kumchongea ni majirani wenye shibe, na shemeji yake mwenyewe Lisa, mke wa mwenye duka la nyama ya nguruwe, alipofika ofisini anakuta wengine wameshamtangulia.

Nina mengine, ila naomba nisikie kwanza wadau.


PILIPILI MANGA

Mleta mada, hongera kwa uzi. Mimi ni mtu wa kilimo, fasihi naijua kwa mbali, lakini ya Hugo naomba niiongezee mwisho wake maana haukuishia kitabuni.

Paris ilijaribu kweli. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860 maji taka ya mji yalianza kumwagiliwa mashambani Gennevilliers, baadaye Achères na kwingineko pembezoni. Mboga zilistawi kweli kweli. Lakini kinyesi cha mwaka 1862 na maji taka ya mji wa viwanda ni vitu viwili tofauti. Miaka ilivyokwenda yalishuka humo humo madini ya risasi, kadimiamu, zebaki na mengineyo, yakakaa kwenye udongo. Ilipofika karibu mwaka 2000 ulimaji wa mboga ukapigwa marufuku kwenye baadhi ya mashamba hayo.

Kwa hiyo swali lako naona lina mguu wa tatu. Mji unarudisha nini, sawa, lakini pia unarudisha kikiwa kimechanganywa na nini. Hugo asingeweza kuliona hilo kwa wakati wake. Wa karne ya 20 na 21 wameliona?


BAHARIA MKAVU

Mkuu Kaskazi, nakuheshimu lakini hapa nina mawili.

Kwanza, hao ni Wafaransa wanalalamikia uchafu wao. Sisi inatuhusu nini? Pili, umeiruka riwaya ambayo kila mtu anaihesabu kama mama wa riwaya za mazingira kwa Kifaransa: "Les Racines du ciel" ya Romain Gary, iliyopata Goncourt, ile tuzo kubwa ya riwaya Ufaransa, mwaka 1956. Morel anazunguka Afrika ya Ikweta ya Kifaransa, huko Chad, na waraka wake anaomba watu watie saini ili tembo wasiuawe. Hakuna mji pale. Ni pori, bunduki na mtu mmoja mwenye msimamo. Kama hiyo siyo riwaya ya mazingira basi sijui.


KASKAZI (mleta mada)

Pilipili Manga, ahsante sana, hiyo ya risasi na zebaki inatupeleka moja kwa moja Martinique, nitafika.

Baharia, Gary ni mwandishi mkubwa na kitabu kile ni cha ujasiri. Mwaka 1956 ni wachache sana walikuwa wakizungumza hivyo. Na Gary hakuwa mjinga kuhusu siasa: alimweka Waïtari, kiongozi wa Kiafrika mpigania uhuru, ambaye kwake tembo ni alama ya Afrika ya picha za watalii, Afrika anayotaka kuiacha nyuma. Tena humo mna sauti zinazosema waziwazi kwamba kwa mwanakijiji mwenye njaa tembo ni nyama. Ninachokosa ni kimoja. Zile pembe zinakwenda wapi? Nani ameketi katika mji gani akichezea mipira ya bilidi na kinanda chenye vibonye vya pembe? Ugomvi wote unapiganiwa porini, kati ya Morel na wawindaji na wanasiasa, na ule mdomo unaokula haumo kwenye picha. Kwangu hilo ni pengo kubwa.

Linganisha na Jacques Roumain wa Haiti. "Gouverneurs de la rosée", 1944, ilichapishwa miezi michache baada ya Roumain kufariki. Manuel anarudi kijijini Fonds-Rouge baada ya miaka 15 ya kukata miwa Kuba. Anakuta ukame. Mama yake, Délira, mikono yake imo vumbini, anasema tutakufa sote, anamwita Mungu. Kijiji kimegawanyika pande mbili kwa sababu ya damu iliyomwagika kwenye ugomvi wa ardhi. Sasa tazama Roumain anavyofanya. Wanakijiji wanaamini mbingu imewakasirikia. Manuel anawaambia hapana: mmekata miti, mlima umebaki uchi, mvua ikija inaondoka na udongo. Na miti ile ilikatwa ili wapate shamba, wapate nguzo, wapate mkaa wa kuuza. Msomaji yeyote aliyewahi kuona magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara kuu yakingoja lori la mjini anaielewa Fonds-Rouge bila mkalimani.

Manuel anatafuta chemchemi, anaipata. Kuleta maji hadi mashambani kunahitaji mikono ya kijiji kizima, na pande mbili hazisemezani. Anachomwa kisu usiku na Gervilen, mtu wa upande wa pili ambaye pia alimtaka Annaïse, mchumba wa Manuel. Kabla hajakata roho anamwomba mama yake asimtaje muuaji, kwa sababu akitajwa kisasi kitarudi na maji hayatafika kamwe. Délira anakaa na siri ile kifuani. Mimi sijasoma popote pengine ambapo mtaro wa maji umegharimu namna hiyo. Maji, msitu, haki na msamaha vimefungwa pamoja, ukivuta kimoja vyote vinakuja.


BAHARIA MKAVU

Hiyo ya Haiti nakubali, imenigusa. Lakini hapo mji haupo tena! Kijiji kitupu.


KASKAZI (mleta mada)

Upo kwenye gunia la mkaa, ndugu yangu. Na upo kwenye bei: wanawake wa Fonds-Rouge wakipeleka vitu mjini wanakutana na maofisa wa soko wanaowanyanyasa kwa kodi. Ila nakupa mji wenyewe sasa.

Patrick Chamoiseau wa Martinique, "Texaco", Goncourt ya mwaka 1992. Texaco ni mtaa wa mabanda kando ya Fort-de-France, uliojengwa kwenye eneo la matangi ya kampuni ya mafuta, ndipo ulipopata jina. Kitabu kinaanza siku afisa mipango miji anapofika kuukagua ubomolewe, anapigwa jiwe, analetwa nyumbani kwa mama mwanzilishi wa mtaa, Marie-Sophie Laborieux. Yule bibi anajua kwamba silaha pekee aliyobaki nayo ni maneno. Anamketisha, anaanza kumsimulia ukoo wake tangu utumwa. Akimaliza, mtu wa kubomoa amekuwa mtu wa kutetea.

Chamoiseau ameigawa historia ya kisiwa kwa vitu vya kujengea: zama za vibanda vya wenyeji wa asili, zama za nyasi, zama za mbao za masanduku, zama za saruji ya nyuzi, zama za zege. Hebu fikirieni hilo. Ukiujua ukuta wa nyumba ya maskini unajua ni msitu gani uliobaki, ni meli gani imetia nanga, ni nani mwenye fedha. Baba yake Marie-Sophie, Esternome, aliyejua useremala, alikuwa ameuona mji wa Saint-Pierre kabla haujaangamizwa na mlima Pelée tarehe 8 Mei 1902, watu karibu 30,000 wakafa. Walionusurika wakakimbilia Fort-de-France. Yaani hata mlima wa moto ni sehemu ya historia ya makazi.

Na katikati ya simulizi zimechomekwa kumbukumbu za yule afisa mipango miji. Humo anauita mtaa wa mabanda mikoko ya mji. Wadau wa pwani mtaelewa haraka kuliko Mfaransa wa Paris. Mikoko kwa mgeni ni matope, mbu na harufu, kwa mvuvi ni mahali samaki wanapokulia. Afisa yule anafundishwa kwamba mtaa ule unaulisha mji watu, kazi, lugha na kumbukumbu, na ukiufagia mtaa huo, mji wenyewe utakauka. Hii si ndoto tupu, Texaco halisi haikufagiliwa. Ilikarabatiwa, ikawekewa huduma, wenyewe wakabaki.

Sasa Pilipili Manga, mguu wako wa tatu. Kwenye kisiwa hicho hicho, kuanzia mwaka 1972 hadi 1993, mashamba ya migomba yalitiwa klorodekoni, sumu ya kuua fukusi wa migomba. Marekani walikuwa wameshaachana nayo katika miaka ya 1970 baada ya wafanyakazi wa kiwandani kuugua. Ufaransa ilipoipiga marufuku mwaka 1990 bado ilitolewa ruhusa maalumu iendelee kutumika visiwani. Leo imo kwenye udongo, kwenye mito, kwenye kamba na samaki wa pwani, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wa Martinique na Guadeloupe wanayo mwilini. Ndizi zilikwenda kwenye masoko ya Ufaransa, sumu ikabaki. Mwanafalsafa Malcom Ferdinand, mzaliwa wa Martinique, ameliandika hilo vizuri katika kitabu chake cha mwaka 2019 kuhusu ekolojia ya kuuondoa ukoloni. Hoja yake ni kwamba watetezi wa mazingira na wapinzani wa ukoloni wamekuwa wakitembea njia mbili, kila upande ukijifanya haumuoni mwingine, ilhali shamba la watumwa lilikuwa kosa moja dhidi ya watu na dhidi ya ardhi. Msome, ni mtu makini sana.


MUKUBA

Jambo yenu bote.

Niko Lubumbashi, nimefuata uzi tangu asubuhi. Kaskazi umefika karibu na kwetu lakini hujaingia, basi naingia mimi.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Élisabethville. Union Minière, kampuni ya migodi, ilishaundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi. Bomba lile la moshi na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba ndiyo picha ya mji hadi leo, vinaonekana kwa mbali. Hatukuwa na mji halafu mgodi ukaja. Mgodi ulikuja, mji ukawa kibarua wake. Hata Kiswahili tunachozungumza hapa kilikomaa kambini kwa wafanyakazi.

Fiston Mwanza Mujila alizaliwa hapa mwaka 1981, sasa anakaa Graz, Austria. "Tram 83" yake ilitoka mwaka 2014. Mji wake hana jina hasa, ni mji uliojitenga na nchi yake, na kila mtu amekuja kwa ajili ya mawe: watalii wa faida, wachimbaji, wanafunzi waliogoma, wasichana wa usiku. Anaanza kitabu kama anaandika Mwanzo ya Biblia, ila hapo mwanzo palikuwa na jiwe, na jiwe likazaa kumiliki, kumiliki kukazaa msongamano wa watu. Stesheni ya reli ni vyuma visivyomaliziwa. Mtu akiuliza kwenye riwaya ile mazingira yako wapi, mimi namwambia sogea usome tena hiyo sentensi ya mwanzo. Mti haupo kwa sababu wachimbaji wameshapita. Ametuandika tulivyo, na ule mdundo wake wa kurudiarudia, sauti za wasichana zinazokatiza maneno ya watu, ndivyo baa za hapa zinavyosikika.

Kuna mwingine hamumtaji, Sinzo Aanza. "Généalogie d'une banalité", 2015. Mtaa wa hapa Lubumbashi unaitwa Bronx, watu wanachimba mukuba, yaani shaba, kwenye viwanja vyao wenyewe, chini ya nyumba wanamolala. Mgeni anadhani ni mambo ya kubuni. Mwaka 2014 huko Kolwezi, mtaa wa Kasulo, mtu alichimba nyumbani kwake akakuta madini ya kobalti, na baada ya muda mfupi mtaa ulijaa mashimo, mengine yameanzia sebuleni. Hizo ndizo kobalti za betri za simu, hizo hizo tunazoandikia hapa. Sasa swali la Kaskazi ukilileta kwetu linapinda: mji unakula nini? Unakula sakafu yake.


KASKAZI (mleta mada)

Mukuba, ahsante sana ndugu yangu. Hilo la sakafu sikuwahi kuliona hivyo.

Umenifikisha kwenye kitabu ambacho kwangu ndicho kilele cha mambo haya yote. In Koli Jean Bofane, mzaliwa wa Mbandaka mwaka 1954, anaishi Ubelgiji. "Congo Inc.", mwaka 2014 hiyo hiyo. Jina dogo la kitabu linamtaja Bismarck na wosia wake, yaani ule mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885.

Isookanga ni kijana Mbilikimo wa kabila la Ekonda, anaishi ndani kabisa ya msitu wa Ikweta. Mjomba wake, mzee Lomama, ni chifu na anataka amrithi. Kijana hataki msitu hata kuusikia. Unamchosha, majani yanamziba macho. Kampuni ya simu inapokuja kusimika mnara katikati ya miti, yeye anafurahi kama ameletewa dirisha. Anaiba kompyuta ya mtafiti wa Kizungu, anazama kwenye mchezo wa intaneti ambamo makampuni yenye majeshi yanapigania madini ya nchi ya kubuni inayofanana kabisa na Kongo, na anajifunza kutoka humo jinsi dunia inavyoendeshwa. Halafu anapanda boti kwenda Kinshasa kuwa mtu wa utandawazi. Analala na watoto wa mitaani sokoni, akiwemo binti Shasha aliyekimbia mauaji ya mashariki, na anashirikiana na Zhang Xia, Mchina aliyetelekezwa na bosi wake, kuuza maji ya mifuko yenye jina la Uswisi.

Bofane angeweza kutuandikia mtoto wa msitu mwenye hekima za mababu anayeusuta mji. Wageni wanaipenda sana hadithi hiyo. Amekataa. Isookanga anataka kuuza. Ameelewa kwamba msitu wake umeshauzwa zamani, kwenye meza ya Berlin, kwa mpira wa mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa urani ya mgodi wa Shinkolobwe iliyokwenda kwenye bomu la Hiroshima, na anataka safari hii fungu lake. Hilo linauma kusoma, na ni kweli.

Upande mwingine wa mji yupo Kiro Bizimungu, kamanda wa zamani wa waasi, sasa amezawadiwa ofisi inayosimamia hifadhi ya Salonga. Salonga ya kweli ilianzishwa mwaka 1970, ina kilomita za mraba 36,000 hivi, makao ya bonobo, jamii ya sokwe. Bizimungu ananung'unika kwamba amepewa miti na wanyama wakati alizoea machimbo. Anawaza namna ya kupata kilichoko chini ya miti ile. Mtu aliyewekwa kuulinda msitu amekaa ofisini Kinshasa anautazama kama ghala lililofungwa. Baharia, hapa ndipo ninaposema Gary aliishia njiani.

Na msitu wenyewe hauko kimya. Nyuma kule mzee Lomama anakuta chui dume, mkubwa wa pori lile, amekufa. Tangu mnara usimame wanyama wamehama njia zao, mipaka yao imevurugika. Mzee ambaye hajawahi kuuona mji anafunga safari kwenda Kinshasa kumfuata kijana wake. Sitasema zaidi, msome wenyewe.

Ongezeeni hili: mwaka 2017 wanasayansi walichapisha ramani ya vinamasi vya Bonde la Kati la Kongo, eneo hilohilo la kina Isookanga. Kilomita za mraba 145,500 za udongo wa mabaki ya mimea, umehifadhi takriban tani bilioni 30 za kaboni. Bofane alikuwa ameshaandika miaka mitatu kabla, akiuliza nani atakuja kuutia bei msitu ule.


BINTI NGAZIJA

Kaka Kaskazi na kaka Mukuba, mmefanya niingie leo ingawa huwa nasoma tu.

Mmemsahau Nathacha Appanah wa Morisi, "Tropique de la violence", 2016. Inahusu Mayotte, kisiwa chetu cha nne ambacho Ufaransa ilibaki nacho Komoro ilipopata uhuru mwaka 1975, na mwaka 2011 kikawa mkoa wake kamili. Moïse aliletwa akiwa mtoto mchanga kwa kwassa, boti ndogo za kutoka Nzuani, akalelewa na muuguzi Mfaransa, Marie. Marie anapofariki ghafla kijana anaishia Kaweni, mtaa wa mabati wanaouita Gaza, mikononi mwa Bruce, mkuu wa genge.

Kitu kimoja kinachonirudia kila mara. Kitabu anachokipenda Moïse ni "L'Enfant et la rivière" cha Henri Bosco, cha mwaka 1945, hadithi nzuri ya mtoto na mto wa kusini mwa Ufaransa. Mbwa wake amempa jina Bosco. Anakishika kitabu kile kama talasimu. Lakini mto wa Bosco una maji masafi, visiwa, boti ya kuteleza taratibu, wakati nje ya mlango wake kuna mfereji wa taka na bahari nzuri ajabu inayowaleta waliozama. Appanah hamdhihaki Moïse wala Bosco. Anaweka vile viwili pamoja, na msomaji anaona kwamba watoto wa mitaa ile wamefundishwa kuupenda mto wa watu wengine.

Tena tangu kitabu kitoke kisiwa kimepita kwenye uhaba mkali wa maji mwaka 2023, maji ya bomba yakikatwa siku nzima nzima, na kimbunga Chido tarehe 14 Desemba 2024 kikaifagia mitaa ya mabati. Hatujui hata wangapi walikuwa hawana karatasi za kuhesabiwa. Kwa hiyo nikisikia watu wanatenga "fasihi ya wahamiaji" kule na "fasihi ya mazingira" huku, nakasirika. Kaweni ni vyote hivyo siku moja.


PILIPILI MANGA

Dada, umesema jambo zito. Nimeandika majina yote.

Swali la vitendo sasa: mtu kama mimi, Kifaransa changu cha kuombea maji tu, naanzia wapi?


KASKAZI (mleta mada)

Binti Ngazija, karibu sana na usirudi kwenye kusoma tu. Appanah nilimsahau kweli, na hiyo ya kitabu cha Bosco ni hoja ambayo uzi huu ulikuwa unaihitaji.

Pilipili Manga, vingi kati ya hivi vipo kwa Kiingereza. Anza na Roumain: ni kifupi, na aliyekitafsiri ni Langston Hughes, mshairi mkubwa wa Marekani, pamoja na Mercer Cook, mwaka 1947. Wewe kama mtu wa kilimo utakisoma kwa siku mbili. Kisha Bofane. Tram 83 isome kwa sauti, ukiisoma kimya utachoka, imeandikwa kama muziki. Texaco iache mwisho na usiikimbilie. Kurasa 50 za kwanza ni ngumu mpaka uzoee sauti ya yule bibi, baada ya hapo hutaki anyamaze.

Mukuba, kama una nakala ya Sinzo Aanza naomba utuwekee hapa muhtasari wa sura ile ya kwanza watu wanapoanza kuchimba. Hata kwa Kiswahili cha Lubumbashi, tena hasa kwa Kiswahili cha Lubumbashi.